SOMO LA IJUMAA: MTU ALIYE NYUMA YA UKUTA WETU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.



Leo, Inshaallah, tutajifunza habari ya kuwatumikia masikini na watu walio peke yao, hapa kwetu Barumbu na Kisangani yote. Somo hili unalijua. Umelisikia tangu ulipokuwa mtoto mwenye loho mkononi. Mimi ninayeandika nimelifundisha miaka zaidi ya ishirini. Lakini kulijua somo ni jambo moja, na kulitenda ni jambo lingine. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu mwenyewe, usije ukadhani ninakunyooshea kidole wewe.

1. KOKO ALIYEKUWA AKISIKIA

Nyuma ya ukuta wa chuo chetu alikaa koko mmoja, mjane. Zamani alikuwa akifagia uwanja wa chuo kabla watoto hawajafika, na ndizi zikiiva katika parsela yake aliwagawia. Watoto wake wa kiume waliondoka, mmoja akashuka na mto mpaka Kinshasa, mwingine akaenda kutafuta dhahabu. Alibaki na mjukuu. Mjukuu akapata homa kali, akapelekwa lopitali kwa kuchelewa, akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Baada ya mazishi, maneno yakaanza. Hakuna aliyesimama msikitini kuyasema. Yalisemwa kisimani, yalisemwa sokoni, yalisemwa juu ya toleka: "Yule koko ndiye aliyemla mtoto." Wazazi wakawakataza watoto wao kupokea ndizi zake. Aliyekuwa akimwazima ndoo akasema ndoo imetoboka. Na mimi, mwalimu, sikusema kwamba ni mchawi. Wallahi sikusema. Lakini nilianza kupita njia ile nyingine. Niliyasikia maneno, nikanyamaza, nikajiambia kwamba hayo ni mambo ya watu wa nje, yatapita yenyewe.

Basi wakati wa mvua kubwa mtoto mmoja wa chuo akaniambia: "Mwalimu, leo siku ya tatu moshi hautoki kwa koko." Mtoto aliona. Sisi watu wazima, tunaopita pale mara tano kwa siku kwenda kuswali, hatukuona.

Tulisukuma mlango. Alikuwa amelala juu ya mkeka, mguu umevimba, mwili unawaka moto, na mtungi wa maji umekauka. Nikaanza kumwomba radhi kwa maneno mengi, kama tulivyozoea sisi watu wa mimbari. Akanikata: "Maji kwanza, mwalimu." Nikaenda kuchota. Alipokwisha kunywa akasema: "Kila asubuhi nasikia watoto wanasoma Araayta. Na mimi ninaisoma pamoja nao, hapa hapa nilipolala."

Ndugu msomaji, neno lile sijalisahau, na ndilo sababu ya karatasi hii.

2. SURA TUNAYOISOMA NA MAANA YAKE

Araayta ni Sura ya 107, jina lake Al-Maa'un. Ina aya saba tu. Mtoto wetu huihifadhi kabla meno yake ya utoto hayajaisha kung'oka. Lakini angalia inasema nini. Inatuonyesha mtu anayekadhibisha malipo ya Siku ya Mwisho, na alama zake ni hizi: humsukuma yatima, na hahimizi watu kumlisha masikini. Kisha inageuka na kuwaonya, si wasioswali, bali wanaoswali! Wanaswali huku wakipuuza swala yao, wanajionyesha, na wanazuia maa'un.

Na maa'un ni nini? Sahaba Ibn Mas'ud (r.a.) na wengine waliifasiri kuwa ni vitu vidogo ambavyo majirani huazimana: chungu, ndoo, shoka. Wengine wakasema ni zaka. Maana zote mbili ziko pamoja, kwa kuwa anayeshindwa kuazima ndoo atatoaje zaka?

Tulimnyima yule koko ndoo, na huku watoto wetu wanamsomea sura ya ndoo kwa sauti kubwa ukutani. Je, hatukuwa sisi tunaoonywa katika sura ile?

3. MASIKINI NI NANI?

Watu wengi wakisikia neno masikini wanamfikiria yule anayekaa mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa na kunyoosha mkono. Huyo ana haki yake, na usimkaripie. Sura ya 93 imekataza kumkaripia mwombaji. Lakini Mtume (s.a.w.) alitufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba masikini hasa si yule anayezunguka kwa watu akipewa tonge moja au mawili, tende moja au mbili. Ni yule asiye na cha kumtosha, na hakuna anayemtambua ili ampe sadaka, wala yeye hasimami kuomba.

Na katika Sura ya 2, aya ya 273, Mwenyezi Mungu anawataja mafakiri ambao mtu asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri, kwa sababu wanajizuia kuomba.

Basi masikini wa namna hii hatakuja kwako. Ni lazima wewe uende. Mtafute katika avenue yako. Ni mjane anayewasha moto jioni ili majirani waone moshi, na chungu hakina kitu ndani. Ni baba aliyeacha kuja swala ya Ijumaa kwa sababu kanzu yake imechanika. Ni mwalimu aliyestaafu ambaye hamwambii mtu kwamba tangu jana amekula muhogo mtupu, bila sombe wala mawese.

Umar bin Al-Khattab (r.a.), alipokuwa khalifa, alitoka usiku na mtumishi wake Aslam, akamkuta mwanamke amebandika chungu cha maji ili watoto wadhani kuna chakula, wanyamaze, walale. Umar alirudi mjini mbio, akajitwika unga mgongoni mwake mwenyewe. Aslam alipotaka kumpokea mzigo, Umar alimuuliza kama atamchukulia mzigo wake Siku ya Kiyama pia. Angalia vizuri: hakumtuma mtu. Na asingetembea usiku asingeuona moto ule.

4. KUNA NJAA YA CHAKULA NA KUNA NJAA YA WATU

Mtu anaweza kuwa na mchele ndani ya nyumba na akafa kwa upweke. Dini yetu haikusahau hilo.

Palikuwa na mtu mmoja, mwanamke kwa mapokezi mengi, akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.) kule Madina. Akafariki. Watu wakamzika, hawakumwambia Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa akauliza, wakamwambia amekufa. Akawalaumu kwa nini hawakumjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia pale pale kaburini. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, Mtume wa Mungu, pamoja na kazi zote za umma, aliona kwamba mfagiaji hayupo. La pili, masahaba walidhani ni mtu mdogo, naye akawafundisha kwamba hakuna mtu mdogo katika jamaa ya msikiti. Sasa jiulize, wewe unayeswali safu ya kwanza: Ijumaa iliyopita ni nani hakuwapo? Je, uliuliza?

Tena katika hadithi qudsi aliyoipokea Muslim, Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama atamuuliza mja kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa, kwa nini hakumlisha, kwa nini hakumnywesha. Mja atashangaa: vipi nikuzuru nawe ni Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa kwamba mja fulani alikuwa mgonjwa, na kama angemzuru angemkuta Mwenyezi Mungu kwake. Subhanallah! Mlango ule niliokuwa nikiukwepa kwa kupita njia nyingine, huko ndiko nilikoambiwa niende.

5. NENO "MCHAWI"

Sitalizunguka jambo hili, kwa sababu linaua watu katika nchi yetu. Wazee wanafukuzwa, wajane wanachomewa nyumba, watoto wanatupwa barabarani, yote kwa neno moja.

Uislamu umesema uchawi ni dhambi kubwa. Ndiyo. Lakini Uislamu huo huo umesema kumsingizia mtu jambo asilolitenda ni buhtani, nayo pia ni dhambi kubwa. Na umeweka kanuni: anayedai ndiye alete ushahidi. Ndoto si ushahidi. Umasikini si ushahidi. Macho mekundu ya koko aliyepuliza moto wa kuni miaka sitini si ushahidi. Kuishi miaka mingi kuliko wajukuu wako si ushahidi. Soma Sura ya 49, aya ya 11 na ya 12: tumekatazwa dharau, majina mabaya, dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Yote matano tulimfanyia mtu mmoja.

Mtoto wa Mtume (s.a.w.), Ibrahim, alifariki akiwa mdogo, na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Mtume, naye ana msiba wa mwanawe, hakukubali. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Basi kama Mtume alikataa kukifunga kifo cha mwanawe na jua, nani ametupa sisi ruhusa ya kukifunga kifo cha mtoto na bibi yake? Mtoto yule alikuwa na homa, na sisi tulichelewa kumpeleka. Ni rahisi kumlaumu koko kuliko kujilaumu wenyewe.

Na ujue kwamba hata sheria ya nchi imesema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, zimekataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Mzee naye ana ulinzi wa Mola wake, na ole wake anayegombana na Mwenye kumlinda.

6. JIRANI SI LAZIMA AWE MUISLAMU

Sura ya 4, aya ya 36, imetuamuru kuwatendea wema jirani wa karibu na jirani wa mbali. Haikuuliza anaswali wapi. Sahaba Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinja kondoo nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa sehemu yake. Na Mtume alimwusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awaangalie majirani. Hakusema aongeze nyama! Aliyekosa nyama hana udhuru, maji yapo.

Sisi Waislamu wa mto huu tuna deni zaidi ya wengine. Dini ilifika huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanya biashara kutoka pwani na Maniema. Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, alifanywa wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani yetu, mwaka 1887. Tulipata neno la tauhidi, Alhamdulillahi. Lakini misafara ile ile ilikamata watu, ikachoma vijiji, ikaacha wajane na mayatima kando ya mto. Wazee wa majirani zetu hawakusahau. Na Sura ya 90 inatuambia kwamba njia ngumu ya kupanda mlima ni kumwacha mtumwa huru, au kulisha siku ya njaa yatima wa karibu, au masikini aliyelala mavumbini. Kama baadhi ya waliotutangulia waliishusha njia ile, sisi tuipande.

Na haja ziko wazi. Mwaka 2000, kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita, makombora yakaanguka juu ya nyumba za watu, mamia wakafa, Waislamu na Wakristo pamoja. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na hesabu hiyo inahusu maovu ya vita vile yote, si Kisangani peke yake. Serikali imeunda mfuko wa FRIVAO wa kuwagawia wahanga. Lakini mjane asiyejua kusoma Kifaransa atajaza karatasi vipi? Kipofu atafika mjini na nani? Kumsomea mtu karatasi yake bila kumwomba franka hata moja, hiyo ni sadaka. Tena mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulifukuza maelfu ya watu kule Lubunga. Wengine walipokewa katika nyumba ambazo zenyewe zilikuwa na njaa. Aliyewapokea alikuwa masikini kama wao. Je, wewe mwenye vyumba viwili vitupu?

7. ADABU YA KUTOA

Kwanza, toa kwa siri kadiri unavyoweza. Ali bin Husayn, Zaynul Abidin, mjukuu wa Sayyidna Ali, alikuwa akibeba magunia ya chakula usiku mpaka milango ya masikini wa Madina. Hawakujua ni nani mpaka alipokufa na misaada ikakatika, na waliomwosha wakaona alama za magunia mgongoni.

Pili, usisimange. Sura ya 2, aya ya 264, inasema masimango na maudhi yanabatilisha sadaka. Ukimpa mtu kikombe cha mchele halafu ukamtangaza kisimani, umekula mchele wako mwenyewe.

Tatu, kaa kidogo. Usimwekee mtu chakula mlangoni kama unalisha kuku. Ingia, uliza habari, sikiliza maneno ya zamani hata kama uliyasikia wiki iliyopita.

8. KAZI YA JUMA HILI

Elimu bila amali ni mti usiozaa. Jamaa ya msikiti wetu imekubaliana mambo haya, nawe shika hata moja:

a) Kila avenue itakuwa na watu wawili watakaojua nani anaishi peke yake. Moshi usipoonekana siku moja, wabishe hodi siku hiyo hiyo. Tusingoje ya tatu.

b) Kila mama anapopika, atoe konzi moja ya mchele au ya unga na kuiweka kando. Siku ya Alhamisi akina mama watakusanya na kupeleka.

c) Vijana wa chuo watachota maji na kupasua kuni kwa wazee, wawili wawili, na mwalimu atakwenda nao.

d) Zakatul fitri, pishi moja kwa kila kichwa, itawafikia kabla ya swala ya Idi masikini wa hapa hapa kwanza, kwa orodha ya avenue, si kwa anayepiga kelele zaidi.

e) Anayesikia mtu anaitwa mchawi asinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Aseme pale pale: "Una ushahidi?" Kisha aende akamwamkie mtu huyo mbele ya watu.

9. MWISHO WA KOKO

Mtauliza habari ya koko. Alipona homa ile. Akina mama walipeana zamu. Aliishi miezi saba zaidi, akarudi kufagia uwanja, kidogo kidogo, kwa kuegemea fimbo. Siku ya mazishi yake safu zilijaa. Lakini sitakuficha: nyumba moja mpaka leo haijafuta maneno yake, na mimi sikuwahi kumsikia koko akisema amenisamehe. Nilimwomba mara mbili. Mara zote mbili alinituma maji. Labda ndilo lilikuwa jibu lake. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi. Deni langu nitalikuta mbele.

MASWALI YA KUJIFUNZA NYUMBANI

1. Maa'un ni vitu gani? Taja vitatu vilivyomo nyumbani kwako.
2. Masikini aliyeelezwa na Mtume (s.a.w.) anatambulikanaje?
3. Ni nani katika avenue yako hujaingia kwake mwaka huu? Kwa nini?

DUA

Ewe Mola wetu, tusamehe milango tuliyoipita. Warehemu waliokufa peke yao, na uwape wenza kaburini. Tupe macho ya yule mtoto aliyeona moshi hautoki. Usiifanye swala yetu kuwa ushahidi dhidi yetu. Uipe nchi yetu amani, mto wetu salama, na riziki ya halali. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani. Asiyejua kusoma, msomee. Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu: usiitupe chini wala usifungie karanga.